Ukifika Weil am Rhein, Vaa Suruali

Ndugu zangu wa Lubumbashi mtakaojaliwa kufika Ulaya, nawaomba mtenge siku nzima kwa ajili ya Vitra Design Museum, makumbusho ya ubunifu wa samani iliyoko Weil am Rhein, mji mdogo wa Ujerumani unaopakana na Basel ya Uswisi. Mimi nilifikia Basel, nikapanda basi namba 55, na kwa kuwa mpaka wa nchi hizo mbili unavukwa njiani, pasipoti yenye viza ya Schengen isiachwe chumbani.

Niliondoka asubuhi nimevaa kikwembe changu kizuri cha kitenge, nikiamini kwamba makumbusho ni mahali pa kutembea polepole, mikono nyuma. Kumbe kwenye uwanja wake umesimama mnara wa mita 30 hivi, kazi ya Carsten Höller ya mwaka 2014, wenye bomba la kuteleza linalojizungusha kutoka jukwaa lililo mita 17 juu ya ardhi. Nilikaza kikwembe magotini, nikaketi, nikajiachia. Nilipotokea chini nilikuwa nikicheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa wiki kadhaa. Vaeni suruali, mpande zaidi ya mara moja. (Msanii huyo ndiye aliyefungua London, mwaka 2008, klabu iliyogawanywa kati ya Kongo na nchi za Magharibi; nilipolijua hilo nilijihisi mgeni aliyetarajiwa.)

Jengo jeupe la Frank Gehry la mwaka 1989 lina maonyesho yanayobadilika, nanyi mtayakuta mengine. Muda wangu mwingi niliutumia katika Schaudepot, ghala lao la maonyesho, ambako viti mia kadhaa vimepangwa kwenye rafu, navyo haviguswi. Hapo nilijiwekea mchezo ninaowashauri nanyi: chagueni viti vitatu, kisieni kwa macho tu mgongo utavionaje, kisha nendeni VitraHaus, duka lao, ambako viti vinavyoendelea kutengenezwa vinakaliwa bila kukatazwa.

Nilikisia vibaya kiti cha Mfaransa Jean Prouvé alichokibuni mwaka 1934. Miguu ya mbele ni bomba jembamba, ile ya nyuma ni ya bati lililokunjwa, mipana katikati, nami nikaiona mizito bure. Nilipoketi na kuegemea ndipo nikaelewa kwamba uzito wa mtu huangukia nyuma, na hapo ndipo chuma kinapohitajika. Niliinama nikaipapasa miguu ile kwa vidole, nikiwakumbuka mafundi wanaochomelea vyuma kando ya barabara katika komini yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi, ambao viti vyao huvunjika daima mahali palepale.

Niliporudi nilimchorea mmoja wao mguu ule kwa chaki kwenye kipande cha bati. Aliutazama kwa muda mrefu, akaupima kwa kiganja, kisha akaniuliza ni nani atakayekikalia.