Bastola kwa mwenye mkono mdogo

Dada wa Mafinga, nimekuelewa: kibali kiko mbioni, lakini bastola uliyoonyeshwa kidole hakifiki kwenye triga mpaka uizungushe mkononi. Hiyo iache. Ukiizungusha, mtutu hautulii kwenye mstari wa mkono na kila risasi itakwenda pembeni.

Pima hivi: hakikisheni wewe na muuzaji kwamba chemba, yaani chumba cha risasi, ni tupu, ishike kwa nguvu, elekeza mahali salama. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada itue katikati ya triga bila kiganja kusogea. Kisha ikoki, yaani vuta sehemu ya juu nyuma na kuiachia, mara kadhaa, na ufanye asubuhi, maana baridi ya huko mwezi wa saba inakakamaza vidole.

Mpini mwembamba ndio dawa: tazama Glock 43X au SIG P365. Smith & Wesson Shield EZ inakokiwa kwa urahisi zaidi. Ila usikimbilie ile ndogo kuliko zote. Nyepesi hurusha mkono vibaya.

Usijifunzie shambani kwa bastola ya shemeji. Sheria ya silaha ya 2015 inadai leseni, kwa hiyo waulize polisi wa wilaya wakuelekeze kwa mkufunzi. Kifundo cha mkono kikiuma, muone daktari kabla hujalipia.