Pati ya Disemba ofisini: huyo ng'ombe wa kontrakta tumchinje au tumrudishe?

Swali: Mzee habari. Mimi niko upande wa rasilimali watu kwa wilaya moja huku West Nile, Uganda, kazini nina mwaka mmoja na kidogo. Wamenichagua niwe mweka hazina wa pati ya mwisho wa mwaka. Bosi anasema kila mtu akatwe elfu 30 kwa mshahara, na ikipungua tuongeze na pesa ya ofisi. Tena kontrakta anayetutengenezea barabara amesema atatuletea ng'ombe bure, watu kwa grupu la WhatsApp wamefurahi sana. Hayo yote yanaruhusiwa? Na mimi pombe sinywi, nisipoenda wataona najidai?

Jibu: Dada yangu, asante kwa kuuliza mapema, maana wengi wananitafuta mwezi wa pili hoja ya ukaguzi ikiwa tayari iko mezani na nyama ilishaliwa zamani.

Tuanze na ng'ombe kwa sababu hapo ndipo kuna moto. Hapana, msimpokee. Najua utaambiwa kwamba si rushwa, ni chakula tu, tena ni cha wote hakuna aliyekula peke yake. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 haiulizi kama umepewa noti au mnofu, na Kanuni za Maadili za Utumishi wa Umma za 2005 zinakataza zawadi ya kukufanya uone aibu kufanya kazi yako sawasawa. Wakubwa wenu, CAO (afisa mtendaji mkuu wa wilaya) na wakuu wa idara, wana mzigo wa ziada, wao wako chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi ambayo kuna zawadi inawataka wazitangaze kwa ofisi ya IGG, Inspekta Mkuu wa Serikali anayefuatilia rushwa. Sasa umwache CAO ajaze fomu kutangaza robo ya paja?

Nimekaa kwa ukaguzi wa ndani miaka mingi na hii kitu niliiona kwa macho yangu, ofisi siitaji. Ng'ombe aliletwa Disemba, mweusi mwenye doa jeupe kwa paji, tukala mpaka walinzi wakafunga nyingine kwa majani ya migomba wakapeleka nyumbani. Januari tukaenda kuona barabara ya huyo huyo bwana aliyetoa ng'ombe, kalavati moja ilikuwa na ufa unaweza kuingiza kidole, na injinia wetu amechuchumaa pale anautazama, kontrakta akaja taratibu akamwekea mkono begani akamwuliza, "Injinia, ile nyama ilikuwa laini?" Basi. Hakusema kitu kingine. Injinia alisimama akapangusa magoti, cheti cha kazi kikasainiwa wiki hiyo hiyo, na sisi wote tuliokuwa pale tulikaa kimya kwa sababu sisi pia tulikula.

Kwa hiyo andika barua fupi, aya moja inatosha: tunakushukuru kwa moyo wako, lakini kwa sababu una mkataba na wilaya hatuwezi kupokea. CAO asaini, nakala iingie kwa fayilo. Usimpigie simu tu, simu haina nakala. Na akirudi na ujanja wa kusema basi atanunua meza kama kwa harusi, au ng'ombe atatoka kwa jina la shemeji yake, jibu ni lile lile.

Sasa pesa ya ofisi. Hapa si kwamba hairuhusiwi kabisa, bajeti ya serikali yetu ina kifungu 221009 cha welfare na burudani, lakini lazima iwe iliwekwa kwa bajeti na kwa mpango kazi, iwe imebaki, na CAO aidhinishe kwa maandishi kwa sababu yeye ndiye anajibu mbele ya Mkaguzi Mkuu na mbele ya bunge. Kumbuka mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, Disemba mko mwisho wa robo ya pili, na hicho kifungu ndicho kinatoa chai ya mikutano yote mpaka Juni. Ukikimaliza kwa siku moja, Machi watu watakunywa maji ya bomba wakikutaja jina.

Kitu ambacho usifanye hata bosi akikuambia ni kawaida, usiite pati "warsha". Huo ndio ugonjwa mkubwa. Mara moja nililetewa fayilo ya warsha ya siku moja, karatasi ya mahudhurio ina sahihi za watu 31, vocha ya soda imeandikwa kreti 40. Sikuhitaji kwenda kwa Mkaguzi Mkuu wala kwa polisi, nilichukua kalamu tu. Kreti moja chupa 24, mara 40 ni chupa 960, gawanya kwa 31, karibu soda 31 kwa kila mtu mchana mmoja, na hapo hata hawajagusa chakula. Ukweli ni kwamba zile soda nusu yake zilikuwa bia, ila aliyeandika vocha aliogopa kuandika bia. Na pesa ya serikali isipitie kwa simu yako wala kwa akaunti yako, hata kwa usiku mmoja, ilipwe moja kwa moja kwa mwenye hoteli. Pesa za umma kwenye akaunti za watu binafsi ni kitu ambacho ripoti za Mkaguzi Mkuu zinakitaja kila mara.

Kukata mshahara, hapana tena. Mshahara haukatwi kwa tangazo la bosi, mtu mwenyewe lazima akubali kwa maandishi, na wewe wa rasilimali watu ndiye watakuuliza kwanza. Fanya mchango wa hiari, na elfu 30 kwa wote si haki, mfagiaji wa U8, ngazi ya chini kabisa ya mshahara, na mkuu wa idara wa U1 hawafanani mfuko. Walio chini elfu 5, wa katikati elfu 20, wakubwa waweke kitu cha kuonekana. Daftari moja, risiti kwa kila mtu, kwa grupu weka jumla tu. Majina ya ambao hawajatoa usiyaweke, mwingine ana mtoto hospitali na hajakuambia.

Kuhusu wewe mwenyewe, nenda. Hakuna anayekumbuka ulikunywa nini, wanakumbuka ulikuja au hukuja. Fika mapema, pakua enyasa yako, ule ugali wa kwenu, na samaki wa angara, cheka na watu wa hazina ambao mwaka mzima mnagombana nao, kaa mpaka hotuba ya CAO iishe, ikigonga saa kumi na mbili ondoka bila kuaga kila meza. Na kwa kuwa uko kwa kamati, sogeza pati yote ianze saa saba mchana, utashangaa matatizo mangapi yataisha yenyewe. Kuchinja apewe Mwislamu ili kila mtu ale, na kama kuna watu wa nguruwe sufuria yao na vijiko vyao vikae mbali. Dereva wa gari la ofisi asionje hata kidogo, Disemba kawunyemu, wale polisi wa kupima pombe kwa madereva, wako njiani na gari lenye jina la wilaya ubavuni likipigwa picha nje ya baa usiku, hiyo picha itafika kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kabla yenu.

Tena muziki ukipanda kuna wakubwa wanasahau mikono yao iko wapi. Kanuni za unyanyasaji wa kijinsia kazini za 2012 hazibaki ofisini mkifunga milango, na malalamiko Jumatatu yatakuja kwa meza yako wewe. Ongea na CAO mapema aseme neno moja kwa hotuba yake, akisema yeye inaingia kuliko ukisema wewe.

Ile barua ya kontrakta iende wiki hii, kabla hajamfunga huyo ng'ombe kamba.