Barua kwa Binti Yangu Kuhusu Hesabu ya Mwaka

Binti yangu mpendwa,

Assalaam aleykum. Barua yako imetufika, nasi hapa Mombasa tu wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza kama kuna faida ya kuweka malengo ya mwaka mpya, ilhali katika manne uliyojiwekea Januari iliyopita, yaani kufaulu mtihani wa uhasibu, kuweka akiba ya kiwanja, kufanya mazoezi kila alfajiri na kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, ni mtihani peke yake uliotimia. Faida ipo, lakini hujanieleza bado huo mwaka wenyewe ulikwendaje.

Unajua kuwa nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini. Meli ikishusha mzigo, tulilinganisha kilichoshuka na kilichoandikwa katika orodha, na tulipomaliza hatukuandika pungufu tu. Tuliandika vilivyoharibika, tukaandika na ziada, yaani mzigo ulioshuka ilhali orodhani haumo. Wewe umeniletea pungufu tupu. Nyanya yako alipolazwa, ni wewe uliyeomba likizo ukaja kumuuguza mpaka akarudi Kibokoni kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwamo katika malengo yako na ambalo, bila shaka, ndilo lililokula sehemu ya ile akiba. Hesabu inayoliacha hilo nje ni mbovu, na ukiupanga mwaka ujao kwa kuitegemea utajiona mvivu kumbe ulikuwa na shughuli.

Hesabu hiyo usiifanye kwa kichwa. Omba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, uisome mstari kwa mstari ukiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa kodi ya nyumba sote twaikumbuka, ila vile vijipesa vya kila jioni hakuna avikumbukaye. Katika Suratul Hashr, aya ya 18, Mwenyezi Mungu ameamrisha kila nafsi iangalie ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Angalia kwanza; lawama, kama zina haja, zitakuja zenyewe.

Kuhusu malengo, sioni kwa nini uyafunge na Januari. Sisi watu wa pwani tuna mwanzo wa mwaka zaidi ya mmoja: Muharram hufungua mwaka wa Kiislamu, nao huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, miezi twaihesabu tangu Ramadhani inapokwisha, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea, na mabaharia na wakulima wa zamani walikuwa na mwaka wao wa jua, ulioanzia Nairuzi, ile Siku ya Mwaka. Januari, tena, ni mwezi wa karo, na wewe ndiwe unayewasaidia wadogo zako. Kuanza kuweka akiba mwezi huo ni kujitafutia aibu.

Huo mwaka wa Nairuzi ndio ningependa uuige. Wazee waliugawa katika miongo 36, kila mwongo siku kumi, zikabaki siku tano za kutimiza 365, na kwa kuhesabu miongo walikadiria pepo za kusi na kaskazi zitageuka lini na mbegu zitiwe ardhini wakati gani. Mwaka ni mrefu mno kuushika mkononi. Ukiteleza mwezi wa pili, unajiambia ingalipo miezi kumi, kisha unashtukia Desemba. Siku kumi zinaonekana mwanzo na mwisho wake. Kwa hiyo badala ya kuahidi mazoezi ya kila alfajiri, ahadi ambayo homa moja tu huivunja, sema utatoka alfajiri sita katika kila siku kumi. Ukishindwa, mwongo mwingine uko karibu. Na akiba usiiandike kwa bei ya kiwanja, kwa sababu bei haimo mikononi mwako. Kilichomo mikononi mwako ni kile kiasi utakachopeleka kwenye sako, yaani chama cha akiba na mikopo, siku ile ile ya mshahara, kabla haujaanza kugawika.

Lengo la kuja nyumbani kila mwezi, lifute. Nauli ya treni ya kwenda na kurudi kila mwezi ni sehemu ya kiwanja hicho hicho, nasi zatutosha Idi mbili. Mama yako nitamweleza mwenyewe, ingawa sitaraji anielewe upesi.

Na hicho kiwanja cha Kwale ulichoahidiwa, usikitolee hata arbuni kabla hati yake haijakaguliwa katika masjala ya ardhi na mjomba wako wa Ukunda hajakwenda kukiona kwa macho yake. Nitampigia simu leo baada ya Alasiri.

Baba yako