Kabla ya rangi, kagua gurudumu

Nakusanya treni za kuchezea za zamani, na nyingi nazinunua kwenye minada hapa Uingereza: za bati za kampuni ya Hornby, za kutia ufunguo, zinazopita kwenye reli ya upana wa milimita 32. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aende siku ya kukagua mali, kabla ya mnada wenyewe. Picha za katalogi zinakuonyesha rangi tu, na rangi siyo inayoziua treni hizi.

Kinachoziua ni zinki. Treni nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina mwili wa bati, lakini magurudumu yalimiminwa kwa aloi ya zinki. Hornby Dublo, treni ndogo zaidi za kampuni hiyo zilizoanza kuuzwa 1938, zina hata mwili wa kichwa cha treni uliomiminwa hivyo. Aloi hiyo ikiwa iliingiwa na madini ya risasi, japo kidogo sana, huvimba na kupasuka yenyewe hata kabatini, mwisho ikamung'unyuka kama biskuti. Dawa hakuna. Mimi huenda na tochi na lenzi, nakipindua kichwa cha treni, nazungusha gurudumu mojamoja taratibu nikitafuta nyufa nyembamba ukingoni au gurudumu linaloyumba. Magurudumu mapya yaliyobandikwa baadaye siyakatai, ila bei lazima ishuke.

Kisha tazama vilimi vya bati vinavyoshika mwili. Kilimi kilichokunjuliwa kikakunjwa tena huvunjika rangi kwenye kunjo, na hapo ujue treni imefunguliwa, pengine imepakwa upya. Maboksi nayo yakague vizuri, maana boksi halisi hupandisha bei na ya kuigiza yapo.

Bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho dalali anapogonga, siyo utakayolipa. Tuseme nyundo imegonga kwenye pauni 200, na ada ya mnunuzi, inayochukuliwa na nyumba ya mnada, ni asilimia 25: hiyo ni pauni 50, na juu ya ada kuna VAT ya asilimia 20, pauni 10. Unatoka na bili ya 260, bado usafirishaji. Piga hesabu hiyo nyumbani, uandike kikomo chako kwenye karatasi.

Na tafadhali, ukipata Hornby Metropolitan, treni ya 1925 ya umeme mkubwa, usiichomeke kwenye umeme. Ilitumia umeme wa nyumbani, na watoto waliichezea sakafuni. Hiyo ni ya kabatini.