Kitabu usikikate, katoe kopi

Marahaba, mwanangu Zuhura. Barua yako imefika pamoja na picha za daftari lako la vitabu, lile unalobandikia picha na dondoo za vitabu unavyosoma. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu.

Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kwa nini kurasa ulizopaka rangi zinagandana hadi zinachanika ukizifungua, kwa nini jalada limebinuka, na kama ni vibaya kukata vitabu vizee unavyonunua kwa wauza mitumba ili upate picha na maneno ya kubandika. Naanza na hilo la mwisho, maana ukilielewa hayo mengine yanapungua makali.

Kitabu kinachosomeka usikikate. Kuna mwingine atakihitaji, hilo unalijua. Lakini hata kwa kazi yenyewe, karatasi ya kitabu cha bei rahisi haikufai. Hiyo na ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti, kwa hiyo mwanga na hewa huigeuza njano, kisha inakuwa ya kukatikakatika. Peleka kitabu dukani wakutolee kopi. Wino wa mashine ya fotokopi ni unga wa plastiki uliogandishwa karatasini kwa joto, kwa hiyo gundi mbichi haiuchafui. Kopi inayotoka kwenye printa ya wino wa maji huvuja rangi mara tu brashi ikiigusa. Kabla hujalipa, lowesha ncha ya kidole usugue pembeni. Ikiacha doa, omba mashine nyingine. Faida nyingine ni vipimo. Ukurasa wa A5 ukikuzwa asilimia 141 unakuwa A4, na A4 ikipunguzwa asilimia 71 inakuwa A5. Picha ileile unaweza kuitoa mara tatu kwa ukubwa tofauti, jambo ambalo mkasi juu ya kitabu hauwezi kukupa.

Kitabu kilicholiwa na mchwa au kilichopoteza nusu ya kurasa ni habari nyingine, hicho kata bila kuomba radhi. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, amefanya kazi zenye nguvu kwa kubandika vipande vya majarida juu ya michoro ya kale ya utabibu. Sikatai kolaji za namna hiyo. Ninachokataa ni uvivu wa kuchana riwaya nzima ili upate sentensi moja.

Sasa kugandana. Rangi ya akriliki ni plastiki. Inaonekana imekauka baada ya nusu saa, lakini ndani inaendelea kukomaa kwa siku kadhaa, na hata ikishakomaa, joto huilainisha tena. Nyuso mbili za plastiki laini zikibanwa pamoja huungana. Gundi nyeupe ukiipaka juu ya picha ili ing'ae hufanya vivyo hivyo. Huko Dar, kwa joto na unyevu ule, daftari lililofungwa na kuwekwa chini ya vitabu vingine litagandana tu. Tumia rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa kupaka usuli, kwa sababu ina unga mwingi kuliko plastiki, na akriliki iwe ya kugusia tu sehemu chache. Ukurasa ukishakauka siku mbili, pitisha mshumaa mweupe usio na harufu kwa wepesi, kisha usugue kwa kitambaa kikavu. Nta ikishapita, kalamu haitashika na gundi haitakamata, kwa hiyo maandishi na vipande vyote vitangulie. Kati ya kurasa zenye rangi nzito weka karatasi ya kuokea keki. Mfuko wa nailoni usiweke, unafungia unyevu ndani.

Kurasa zilizokwisha kugandana usizivute. Zifungue kwa rula nyembamba ya chuma ukianzia pembeni, taratibu, alfajiri kabla joto halijapanda.

Jalada nalo limebinuka kwa sababu umebandika karatasi upande mmoja tu. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hujikunyata na kuivuta kadibodi upande wake. Dawa yake ni kubandika upande wa ndani karatasi ya aina ileile ili mivutano ilingane. Hata hilo lililobinuka linaweza kunyooka ukilifanyia hivyo, kisha ulilaze kati ya mbao mbili juu yake dumu la maji la lita kumi, usiku mzima. Msimu wa mvua liache siku nzima na ubadilishe karatasi za kunyonya unyevu mara mbili.

Ila kuna jambo la chini zaidi, na wengi hawalijali: mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Kiwandani nyuzi hulala kufuata upande ambao karatasi inakimbilia mashineni. Zikilowa hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka, ndiyo maana karatasi hutanuka kwa kukatisha nyuzi. Nyuzi zikikatisha mgongo wa daftari, kurasa zitafanya mawimbi kwenye mshono na daftari halitalala wazi. Kujua upande wake, kunja karatasi bila kuikandamiza, kwanza kwa urefu halafu kwa upana. Inakokubali kwa ulegevu ndiko nyuzi zinakofuata mkunjo. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi za kwenda na urefu, hivyo ukizikunja katikati upate A5 unazikatisha. Nunua A3 yenye nyuzi za urefu, ikate kati upate A4 mbili, halafu kila moja uikunje. Hapo nyuzi zitakuwa sambamba na mgongo.

Kwa hiyo lile daftari liache lilivyo, utengeneze jipya. Utahitaji karatasi kumi za A3 za gramu 120. Zikikatwa zinakuwa A4 ishirini, nazo zigawe katika vitita vitano vya karatasi nne nne zilizokunjwa na kuingizana. Ni kurasa 80. Karatasi ya gramu 80 ni nyepesi mno, hukunjamana kwa gundi, na ile nene ya gramu 300 inafanya mgongo ukatae kukunjika.

Daftari la kubandika vitu hupanuka upande wa mdomo kwa sababu unene unaongezeka kwenye kurasa wakati mgongoni hakuna kilichoongezeka. Ndiyo maana lako halifungi. Kata vipande vya manila vya sentimita 4 kwa 21, vikunje kati viwe vya sentimita 2, na katika kila kitita weka viwili: kimoja kikizunguka nje, kingine kati ya karatasi ya pili na ya tatu. Vishonwe humohumo. Vinaongeza kama milimita moja mgongoni kwa kila kitita, nafasi ambayo picha zako zitakuja kuijaza. Ukizidisha hapo, daftari litabinuka tena, hata kama mshono ni mzuri.

Jalada ni kadibodi ngumu ya milimita 2, vipande viwili vya sentimita 15.3 kwa 21.6. Kwa mgongo tumia jinzi kuukuu au turubai, sentimita 11 kwa 24.6, sentimita moja na nusu juu na chini zinakunjwa ndani. Katikati ya kitambaa bandika kipande cha manila cha sentimita 3 kwa 21.6, acha milimita 7 kila upande ili jalada lipate pa kukunjikia, ndipo kadibodi zianze. Hizo milimita 7 usizipunguze. Zikiwa ndogo jalada halitafunguka vizuri, nalo litavuta kitita cha kwanza hadi kichanike.

Matundu ya mshono yapime kwenye kiolezo cha manila. Kwenye vitita, kutoka juu: sentimita 1.5, 6, 10.5, 15 na 19.5. Jalada limezidi milimita 3 juu na chini, kwa hiyo mgongoni yanakuwa 1.8, 6.3, 10.8, 15.3 na 19.8, katika safu tano zilizoachana milimita 5. Toboa kwa msharasi wa fundi viatu ukiwa umelaza kitita ndani ya kitabu kikubwa kilichofunguliwa, tundu lipite katikati kabisa ya mkunjo. Uzi uwe wa kitani au pamba nene uliopakwa nta ya nyuki, sentimita 55 kwa kila kitita. Uzi wa nailoni unakata karatasi.

Mshono wenyewe: anzia ndani tundu la katikati, toka nje, uache mkia wa sentimita 7. Ingia la pili, toka la kwanza, rudi ndani kwa la pili. Ukiwa ndani ruka la katikati, toka la nne, ingia la tano, toka tena la nne, halafu urudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili zikae kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, kaza kwa kuvuta sambamba na mkunjo, funga fundo mara mbili. Ukivuta kwa kuelekea kwako utachana tundu.

Kuhusu gundi, ile nyeupe peke yake hukauka upesi mno kwenye joto, hata kipande hujakinyoosha. Pika uji wa ngano: vijiko vitatu vya chakula vya unga na kikombe kimoja cha maji, mililita 250. Koroga unga na maji baridi kidogo kwanza, mimina yaliyobaki, bandika moto mdogo ukikoroga hadi upoteze weupe na kuwa mzito. Chuja, uache upoe, tia matone matatu ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Kwenye friji unakaa siku tatu nne. Kwa jalada changanya sehemu mbili za gundi nyeupe na moja ya uji, na kwa kurasa nusu kwa nusu. Paka kuanzia katikati kwenda pembeni, ukiwa umelaza kipande juu ya karatasi chakavu unayoitupa kila mara. Kisubiri kama dakika moja kimalize kutanuka, ndipo ukilaze na kukisugua kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi safi. Watu hukibandika mara moja, kinatanukia hukohuko, wakaanza kulaumu gundi. Vipande vidogo vibandike kwa gundi ya kijiti, haina maji mengi.

Lile pande la kanga ulilotaka kutia kwenye jalada ni wazo zuri, hasa ukikata mstari wa jina, yaani yale maneno ya kanga, uukalishe chini, pindo lije mbele ya mgongo. Lifue kwanza. Kanga mpya ina wanga na rangi yake, nyekundu hasa, hutoka ikikutana na uji. Likikauka lipigie pasi, ulibandikie karatasi nyembamba upande wa nyuma, la sivyo gundi itapenya uzi na kuacha madoa yanayong'aa.

Sasa kuhusu kusoma, maana naona kurasa zako zimejaa maua na kitabu chenyewe hakionekani. Usibandike chochote ukiwa bado unasoma. Weka kipande cha karatasi kwenye kitabu, andika nambari ya ukurasa na maneno mawili matatu, uendelee. Ukimaliza, kaa na vile vipande, ndipo uchague picha. Upande wa kushoto uwe wa kolaji, wa kulia wa maandishi: jina la kitabu, mwandishi, mwaka wa chapa, siku uliyoanza na uliyomaliza, na dondoo zikiwa na nambari za kurasa zake. Dondoo isiyo na nambari ya ukurasa itakusumbua siku utakayoihitaji. Maandishi yaandike kwenye karatasi ya pembeni kisha uibandike, kwa sababu kalamu ya wino huziba ikipita juu ya rangi. Waandishi wa misahafu wa Siyu, kule kisiwani Pate, walipamba kwa mweusi, mwekundu na njano, na bado aya zilibaki na nafasi ya kusomeka. Ukurasa wako nao uache uonekane.

Ukitaka kujaribu kufunika maneno, toa kopi ya ukurasa mmoja na uibandike kwanza. Ikikauka, zungushia kwa penseli maneno kumi au kumi na mawili yanayounda sentensi mpya, halafu paka rangi nyepesi kwingine kote. Soma ukurasa mzima kabla ya kuchagua. Anayeanza kwa kuchagua maneno mazuri huishia na orodha ya maneno mazuri yasiyosema kitu. Na hizo kopi ni za daftari lako. Usiziuze, wala usizitundike mtandaoni ukurasa baada ya ukurasa, mwandishi ana haki yake.

Kurasa tatu za mwanzo ziache tupu kwa ajili ya faharasa. Kila ukimaliza kitabu andika jina lake hapo na ukurasa wake wa daftari.

Jinzi usinunue. Mdogo wako anakuja huko mwisho wa mwezi, nitampa mabaki pamoja na donge la nta. Kadibodi ya milimita 2 ndiyo uitafute mwenyewe, na uende na rula, maana wauzaji wengi wataapa ni ya mbili kumbe ni moja na nusu.

Mama yako