Kwa mwanangu, kuhusu ile kazi ya kampeni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku nikalala nao, maana si swali la kujibu kwa neno moja kwenye simu. Unasema chama kimewataka mpige kwenye mikutano ya kampeni, hela nono, usafiri na malazi juu yao. Mpiga gitaa wenu kagoma, anadai msanii kwenye siasa ni chambo cha kujaza uwanja, basi. Unaniuliza, ni kweli?

Mara nyingi ni kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa chambo. Nikiwa darasa la tano tulipangwa kandokando ya barabara kumpokea mgeni wa serikali, na wimbo tuliokariri wiki mbili nzima. Msafara ulipita hata ubeti wa pili hatujaumaliza. Nilichobaki nacho ni lami ilivyoniunguza nyayo.

Ila bibi yako angekujibu vingine. Yeye alicheza ngoma Ilala miaka ya 1950, na hata siku moja hakuniambia kwamba nyimbo zao zilileta uhuru. Alichokuwa akisema ni kwamba chama ndicho kilichowafuata wao.

TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 1954. Wanaume wengi wenye kisomo walikuwa watumishi wa serikali, na serikali ya Mwingereza ilikuwa imewapiga marufuku kujiingiza kwenye siasa. Mama anayeuza vitumbua Kariakoo angefukuzwa kazi gani? Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kikiitwa Bomba. Mwaka 1955 alipokabidhiwa wanawake wa TANU, aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya ngoma.

Sasa kione kikundi chenyewe. Mweka hazina wa kina bibi hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua kwa kichwa nani hajatoa thumuni yake na kwa nini. Kulikuwa na mjumbe wa kupita nyumba kwa nyumba. Kanga ya sare kila mmoja alijinunulia, na asiyekuwa na uwezo alichangiwa kimyakimya asiaibike. Akifiwa mmoja, wote wanahamia msibani. Na walikuwa na wapinzani wao wa kurushiana vijembe (mipasho haikuanza juzi, msituchekeshe), kwa hiyo fumbo walilijua kulitunga na kulifumbua. Habari ikiingia kwa kiongozi asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unayo. Chama kichanga kilikuwa kinatafuta hasa watu wa namna hiyo, nao walikuwa wameshajipanga zamani kwa ajili ya harusi na mashindano yao.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Bendi zikawa na wenyewe: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ilianza mwaka 1964, zikaja za jeshi na polisi. Muziki wake mtamu, sikatai, baba yako alinichumbia nao. Lakini mwanamuziki akawa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969 kwa kesi ya uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka uliofuata. Leo barabara kubwa katikati ya Dar inaitwa kwa jina lake. Niliwahi kumuuliza bibi yako, mbona mwenzenu alipofungwa hamkumtungia hata wimbo mmoja, nyie mliokuwa mkiimba mtu akikosea kupika pilau? Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema, "Tungeimba na nani? Kikundi kilishakuwa cha chama."

Kwa hiyo mpiga gitaa wenu simlaumu, ila anaogopa siasa wakati angechungulia mfuko wa anayewalipa. Kabla hamjasaini, waulizeni nyimbo atachagua nani. Waulizeni pia kama mnaruhusiwa kuupiga ule wenu wa bomba la maji lisilotoa maji. Na mkirudi, vyombo mtakavyopigia vitakuwa vya nani? Wakikujibu, nipigie, usiniandikie.

Sare ya bibi ninayo sandukuni, pindo limeliwa na mende kidogo. Ukija Idd nikumbushe nikutolee.

Mama yako