Kutoka kuwaandikia wengine hadi kuimba mwenyewe: Carole King
Ndugu, umeuliza kama mtunzi aliyezoea kuwaandikia wengine anaweza kufanikiwa akiimba mwenyewe. Carole King wa Marekani alifanikiwa, ingawa haikuwa haraka: mwaka 1961 wimbo aliotunga na mumewe Gerry Goffin, "Will You Love Me Tomorrow" (yaani "Je, utanipenda kesho?"), uliwafikisha kundi la wasichana The Shirelles namba moja nchini humo, ilhali albamu yake "Tapestry" ilitoka mwaka 1971, ikakaa kileleni mwa chati ya albamu ya jarida la muziki la Billboard kwa wiki 15. Humo aliurudia wimbo uleule kwa mwendo wa taratibu, piano ikiwa mbele, na sauti yake isiyo na madoido (ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyombeba) ikalifanya swali la mpenzi lisikike kama la mtu mzima mwenye mashaka ya kweli.